Mshindo wa Ndege Iliyoipita Sauti

SWALI: Jamaa yangu aliye Ulaya alisikia vishindo viwili mfululizo, madirisha yakatikisika, akaambiwa ni ndege ya kivita iliyoipita kasi ya sauti. Huku kwetu ndege zinatua Manda kutwa na hatusikii kitu kama hicho. Ni injini inayolipuka? Na mbona viwili?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Injini haihusiki. Risasi haina injini, kimondo hakina, na vyote hutoa mshindo huo mradi viwe na kasi kuliko sauti. Penye nyuzijoto 15, sauti husafiri mita 340 kwa sekunde, yaani kama kilomita 1,225 kwa saa. Kwenye joto la Lamu la nyuzi 30 hufika mita 349. Kilomita 11 juu, penye baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, hubaki mita 295 tu. Ndege za Manda hazifiki kasi hiyo. Hata jeti kubwa za abiria huenda takriban kilomita 900 kwa saa.

Ndege ikienda polepole kuliko sauti, msukumo wa pua yake hutangulia, hewa ikapata kupisha. Ikiipita sauti, hakuna cha kutangulia: migandamizo hurundikana ikawa wimbi moja kali, wimbi la mshtuko, linaloenea nyuma ya ndege kwa umbo la koni. Tazama boti ya kasi ikipita mkondo wa Lamu: wimbi hupiga gati boti yenyewe ishafika mbele. Ndege yenye kasi mara mbili ya sauti (Mach 2), ikiwa kilomita 15 juu, mshindo wake hukufikia ikiwa imeshakupita kwa kilomita 26 hivi.

Wengi hudhani mshindo hutokea mara moja tu, pale ndege inapoipita sauti. Sivyo. Wimbi huburutwa safari nzima ya kasi hiyo, na kila aliye chini ya njia yake hulisikia kwa zamu yake. Rubani halisikii, maana liko nyuma yake.

Kuhusu viwili: wimbi la mbele hupandisha shinikizo la hewa ghafla, kisha shinikizo hushuka polepole hadi chini ya kawaida, halafu wimbi la mkiani hulirudisha ghafla. Sikio hushtuliwa na ile mipando miwili. Mteremko wa katikati halijali. Kwa ndege fupi ya kivita nafasi kati yake ni kama sehemu ya kumi ya sekunde, hata vishindo huweza kusikika kama kimoja. Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa ikiipita sauti, yenye urefu wa mita 62, iliviachanisha wazi.

Nguvu yenyewe ni ndogo kuliko inavyotisha. Concorde ikiwa juu iliongeza shinikizo kwa paskali 90 hivi, wakati hewa ya kawaida ina paskali 101,325. Kinachotisha ni ughafla. Hatari huja ndege ikipita chini sana, au ikipinda na kuongeza kasi, maana mawimbi hukutana mahali pamoja; hapo kioo chenye ufa hakisalimiki.

SWALI: Roketi zilizorushwa Ngomeni zamani, nazo zilitoa mshindo huo?
Msomaji, Malindi

JIBU: Zilitoa, ila si kwa aliyesimama Ngomeni. Roketi za Scout zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kati ya 1967 na 1988. Mojawapo ilibeba satelaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Roketi ikipanda wima, wimbi lake la mshtuko huelekea juu na pembeni, halishuki. Huanza kugusa chini baada ya roketi kulala kuelekea mashariki, makumi ya kilomita mbele, na huko ni Bahari Hindi tupu. Waliokuwa pwani walisikia injini: ngurumo ndefu inayofifia kadiri roketi inavyokwenda, si pa! pa! kisha kimya.