Nimekaa Pande Zote Mbili za Meza

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: vituo vya ajira vya umma vya hapa Marekani vinamsaidia nani zaidi, anayetafuta kazi au anayetafuta mfanyakazi? Mimi nimeingia kituo kimoja hapa Texas kwa sura tatu: kwanza mgeni, kisha mtu aliyepunguzwa kazini, na sasa karani wa kampuni ndogo ya malori anayetumwa na bosi kutafuta watu. Jibu langu ni kwamba kinamsaidia zaidi yule anayejua mwenzake wa upande wa pili anapewa nini.

Mara ya kwanza nilikwenda nikidhani kuna droo imejaa kazi na yule dada wa mapokezi ataifungua. Nikaonyeshwa kompyuta, nikajisajili kwenye WorkInTexas, tovuti ya jimbo ya kutafutia kazi, nikachapisha wasifu wangu nakala tano, nikatoka nikiwaambia watu kwamba pale hamna kitu. Kazi niliipata kwa njia yetu ileile ya siku zote: jamaa alinipeleka kwenye ghala alikokuwa akifanya kazi yeye.

Kilichonipita ni kwamba huduma za pale zina ngazi. Kompyuta, orodha ya nafasi na semina za usaili ni za kila mtu, bure. Ngazi ya pili ni kukaa na mshauri wako mwenyewe, akupime unajua nini, mwandikiane mpango. Ya tatu ni fedha za mafunzo. Hakuna aliyenificha ngazi hizo. Sikuuliza tu.

Mara ya pili sikwenda mimi, walinifuata wao. Ghala lilikuwa linafungwa. Sheria ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga au kupunguza watu wengi kwa mpigo, na notisi hiyo hupelekwa pia serikalini. Ndiyo maana siku moja wakati wa chakula tulikuta watu wawili wa kituo wamesimama kantini na maboksi ya karatasi. Walieleza mafao ya kukosa kazi, bima ya afya, mafunzo. Wengi wetu tulikuwa tunaangalia simu. Mimi nilichukua karatasi kwa sababu tu nilikuwa karibu na mlango.

Nilipokwenda safari hii nikakutana na mshauri, mama mmoja mtu mzima asiyecheka ovyo. Akaniuliza habari za Kiingereza changu. Nikajitutumua, nikasema ni kizuri sana. Akaniangalia, akasema polepole: usikipambe. Ndipo nikajifunza jambo ambalo ningependa kila Mswahili hapa alijue. Sheria inayoendesha vituo hivi, WIOA ya mwaka 2014, katika fungu la fedha za watu wazima inawatanguliza wanaopokea misaada ya serikali, wenye kipato cha chini, na wale ambao kusoma, kuandika, hesabu au kuzungumza Kiingereza kwao hakujafikia kiwango cha kazi. Yaani kile tunachokificha kwa aibu ndicho kinachoweza kukusogeza mbele kwenye foleni. Mimi nilikuwa na fungu lingine, la waliopoteza kazi, lakini somo lilinikaa. Na mkalimani ukimhitaji, omba. Hulipi kitu.

Nenda na karatasi zako: kitambulisho, kibali halali cha kufanya kazi. Wanaume huulizwa kama walijiandikisha Selective Service, ile orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, iliyowahusu hata wahamiaji wa miaka 18 hadi 25. Kama uliingia nchi hii ukiwa umeshapita umri huo, beba cha kuonyesha tarehe ya kuingia. Nimeona mtu mzima mwenye mvi akirudishwa nyumbani kwa karatasi hiyo moja.

Nililipiwa mafunzo ya leseni ya malori makubwa. Fedha hupelekwa chuoni, hupewi mkononi, na chuo lazima kiwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na jimbo. Rafiki yangu mmoja alijilipia kwanza kwa kadi ya mkopo, kisha akapeleka risiti kituoni ili arudishiwe. Hakurudishiwa. Mpango husainiwa kabla ya darasa la kwanza. Jambo jingine wasilolitangaza sana: mwaka wa fedha hizi huanza Julai 1, na kadiri mwaka unavyozeeka ndivyo mfuko unavyoweza kukauka. Ukiambiwa Mei kwamba hakuna, rudi Julai.

Sasa upande wa pili wa meza. Bosi wangu alikuwa na dhana kwamba kituo kinaleta watu waliokataliwa kwingine. Mimi niliyetoka hukohuko nilinyamaza, nikaomba ruhusa ya kupiga simu moja. Akaja afisa wa kituo anayehudumia waajiri. Tulikuwa tunatafuta fundi wa injini za dizeli, na tangazo letu lilikuwa limedai uzoefu wa miaka mitano, cheti na leseni ya lori, kwa mshahara ambao nauonea aibu kuuandika hapa. Afisa alifungua takwimu za mishahara ya fani hiyo katika eneo letu, akamgeuzia bosi kioo cha kompyuta, hakusema neno. Bosi naye hakusema. Wiki iliyofuata tangazo lilibadilika.

Kisha akatupa kitu kilichombadilisha bosi kabisa: mkataba wa mafunzo kazini. Unaajiri mtu mwenye ujuzi nusu, unamfundisha ukiwa unamlipa mshahara kamili, na kituo kinakurudishia hadi asilimia 50 ya mshahara huo kwa muda mliokubaliana. Mazingira fulani hufika hadi 75. Tukampata kijana aliyejua magari madogo tu. Leo ndiye anayenipigia kelele nikichelewesha vipuri. Kwa hiyo wewe unayetafuta kazi, ukiambiwa huna uzoefu wa kutosha, muulize mshauri wako kama unastahili mkataba wa aina hiyo, kisha mtajie mwajiri. Unakuja na nusu ya mshahara wako mfukoni, nani atakufukuza mlangoni?

Na kama una rekodi ya jela, kuna dhamana ya serikali kuu, iliyoanza mwaka 1966, inayomkinga mwajiri na wizi au udanganyifu wa mfanyakazi kwa miezi 6 ya mwanzo. Kiwango cha kuanzia ni dola 5,000. Halipi mwajiri, hulipi wewe. Mtunza stoo wetu aliingia kwa mlango huo.

Vituo husimamiwa na bodi za maeneo, Texas zipo 28, na sheria inataka zaidi ya nusu ya wajumbe watoke kwa waajiri. Niliposikia mara ya kwanza nilikasirika: kumbe ni mali ya matajiri! Siku hizi hasira imepungua, ingawa haijaisha. Faida yake ni kwamba hulipiwi kozi ambayo hakuna atakayekuajiri nayo. Hasara yake ni kwamba anayetaka kupaka rangi picha ataishia kuendesha forklifti.

Kuna mambo kituo hakiwezi, na watu hukilaumu bure. Madai ya mafao ya kukosa kazi hapa Texas hufanyiwa kwenye intaneti au kwa simu. Mtu wa kituoni hana mamlaka ya kusema umekubaliwa. Shahada yako ya nyumbani hawaigeuzi kuwa ya hapa, watakuelekeza tu pa kuipeleka ikatathminiwe. Lakini ruzuku ya malezi ya watoto wakati mzazi yuko kazini inapitia bodi hizohizo, na kina mama wengi ninaowafahamu wamekaa miaka bila kujua mlango ni uleule. Foleni yake ni ndefu, jiandikishe mapema.

Jumatatu tunahoji watu watatu walioletwa na kituo, kwa nafasi ya dereva wa usiku. Mmoja ameomba apatiwe mkalimani wa Kiswahili. Bosi amenifuata mezani kuniuliza kama namjua mtu yeyote anayeweza kufanya kazi hiyo.