Mdogo wangu alichukuliwa na tope la Hanang, tumkumbukeje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni dada naishi Babati ila kwetu ni Katesh. Mdogo wangu wa kiume alifariki kwenye yale maporomoko ya mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, alikuwa na miaka 17. Jumamosi, siku moja kabla, alitaka kuja kwangu nikamwambia asubiri mwisho wa mwezi, hilo neno linanitafuna mpaka leo. Tope lilibeba nyumba na kila kitu, hatuna hata picha yake moja. Mama aliirudisha laini yake na anaiwekea vocha ili isifungwe, baba hataki jina lake litajwe, akilisikia tu anatoka nje. Afu kuna majirani wanasema mlima ulikasirika, wengine eti ni adhabu ya Mungu. Desemba ikikaribia nyumbani tunakaa kama watu waliogombana. Tumkumbukeje bila kumuumiza baba?
Dada mtu, Babati

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana, na mpe mama pole yangu.

Naanza na hilo neno linalokutafuna. Vuli ile Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatangaza mvua za El Niño, nchi nzima ilijua, na bado watu wa Katesh na Gendabi waliozaliwa chini ya ule mlima, wazee wanaojua kila korongo, walilala majumbani mwao Jumamosi ile kama kawaida kwa sababu hakuna aliyejua ni upande gani utameguka na lini. Sasa wewe uliyekuwa Babati ungejuaje? Ulimwambia mdogo wako asubiri kama dada yeyote anavyomwambia mdogo wake, na yeye akakubali akijua mtaonana. Hukumzuia asipone, usijibebeshe hilo.

Kuhusu majirani, wataalamu wa jiolojia walienda pale na maelezo yao yalieleweka: kuna sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikazidiwa uzito, ikameguka, ikageuka tope na kushuka kwa kufuata njia za maji pamoja na mawe na magogo hadi kwenye makazi ya watu. Hanang ni volkano ya zamani kweli lakini asubuhi ile haikulipuka volkano wala halikupita tetemeko, ni maji na udongo. Waliokufa ni zaidi ya 80 wakiwemo watoto wadogo kabisa, na mimi siwezi kukubali mtu aniambie mtoto wa kubebwa mgongoni alikuwa anaadhibiwa. Mkisikia tena maneno hayo mjibu kwa upole mara moja, mkiona hawasikii ondokeni hapo, msiwape nafasi ya kuwaongezea kidonda.

Picha zipo mwanangu, ila haziko kwenu. Nenda shuleni kwake, faili la kujiunga mara nyingi linabaki na picha ya paspoti, waombe uipige kwa simu. Watafute wanafunzi wenzake, kwenye magrupu ya WhatsApp na simu zao lazima yupo mahali, hata kama amesimama nyuma ya watu. Kama alipata kipaimara au mlikuwa na harusi ya ndugu mtafute aliyechukua video, wapiga picha wengi huwa wanatunza kazi zao za zamani. Na simu ya mama iangalieni vizuri, huenda kuna voisi aliyomtumia, sauti ni kitu kikubwa sana. Mkishapata vitu hivyo msiviache kwenye simu moja, weka kwenye flashi na pia jitumie kwa imeili maana simu zinaibiwa. Moja isafisheni kubwa muitie fremu, ila kwanza ikae chumbani kwa mama, sebuleni itaenda baba akiwa tayari.

Laini mama aiendeleze na asichekwe. Ila vocha peke yake inaweza isitoshe, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, kwa hiyo iwekeni kwenye simu ya laini mbili muwe mnapigia na kutuma meseji mara kwa mara.

Sasa baba. Msimlazimishe, na msimuitie kikao cha ukoo kumjadili, hapo mtamfunga kabisa. Kuna wanaume hawawezi kulia mbele za watu lakini mkiwa shambani mnapalilia anaongea mwenyewe, basi nenda naye, afu muulize kitu cha uhai wa mtoto siyo kifo chake, mfano nani alimfundisha kuchunga au alianza lini kuendesha baiskeli. Asipojibu endeleeni kupalilia, utarudi siku nyingine. Lakini kama halali usingizi, hali chakula, au ameanza kunywa kupita kiasi, hapo msisubiri, mpelekeni hospitali ya wilaya au muone afisa ustawi wa jamii pale halmashauri.

Tarehe 3 fanyeni kidogo tu. Kama ni watu wa kanisa ombeni nia kwenye misa au mchungaji amtaje, rudini nyumbani mpike chakula alichokuwa anakipenda, mama aanze kusimulia vituko vyake na wadogo wacheke, kucheka siyo kumsahau. Mti mkitaka kupanda upandeni nyumbani, kule juu mlimani ni hifadhi ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, inabidi muombe ruhusa kwanza.

Siku hiyohiyo, wadogo zake wakiwa wamekaa hapo, wafundisheni na dalili za maporomoko kwa jina lake: korongo likianza ghafla kushusha tope, au maji yakipungua wakati mvua bado inanyesha, au wakisikia ngurumo ya mawe huko juu, wasirudi ndani kuchukua kitu, watoke pembeni ya njia ya maji wapande palipoinuka, wasikimbie kulifuata korongo kwenda chini.