Uliza Fundi: Mvua ikinyesha picha yavunjika

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mimi niko Kisauni, dishi langu halijamaliza hata miaka miwili lakini mvua ikianza tu picha yavunjika vunjika, na siku hizi hata jua likiwaka kuna chaneli ziko sawa na zingine nyeusi tii. Fundi akija asema dishi limesogea, alisukuma kidogo, alipwa, aenda zake. Kijana wangu ana waya wa kamera uliobaki dukani, tuvute huo?
Mama wawili, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam dada. Huyo fundi usimpe hata shilingi kabla hajafungua konekta ya kule juu, ile inayoingia kwa LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Hiyo yaitwa konekta ya F na haina pini yake, ni ile shaba ya katikati ya waya ndo inayoingia, kwa hivyo shaba ikioza konekta imekwisha hata kama nje yang'aa. Na huku kwetu upepo wa bahari ni chumvi tupu, maji yakipata upenyo yatambaa ndani ya zile nyuzi za wavu zinazoizunguka shaba chini ya ganda, yashuka na waya.

Sasa hizo chaneli nyeusi. Dikoda hupandisha umeme kwa waya huo huo, volti 13 kwa chaneli zinazorushwa kwa mawimbi ya wima na 18 kwa zile za mlalo, sasa kutu ikila volti njiani ile 18 yafika imechoka, LNB yadhani ni 13 na kundi zima lapotea. Usukume dishi mpaka kesho, wapi!

Chomoa dikoda ukutani kwanza. Waya ukatwe mpaka shaba ionekane safi, hata ikiwa ni futi nzima, kisha konekta mpya ya kubanwa kwa mashine (zile za kuzungusha kwa mkono mie sizitaki nje ya nyumba), shaba itokeze kama milimita 3 na hata uzi mmoja wa wavu usiiguse, ni shoti hiyo. Juu yake tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si ile nyeusi ya umeme, jua la hapa laibandua.

Waya wa kamera soma maandishi yake. Ukiwa RG-59 ni wa kipimo cha omu 75 kama RG-6, waya wa dishi, ila ni mwembamba, wapoteza mawimbi zaidi na konekta ya RG-6 itacheza, uacheni kwa kamera na konekta zake za BNC. Ukiwa RG-58 huo ni wa omu 50, wa redio za mashua, kauzeni.