Gitaa la koni la mtumba: linang'aa, lakini linakoroma

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, sasa naishi Louisville, Kentucky. Tangu utotoni napiga gitaa kavu kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama wazee wetu wa Katanga. Wiki iliyopita niliona kwenye duka la rehani gitaa la chuma lenye sahani kubwa ya duara tumboni. Wanataka dola 380. Linang'aa kama kioo na sauti yake ni kubwa mno, ila nyuzi ziko juu sana, na zile nene mbili zinakoroma. Muuzaji anasema ndivyo magitaa haya yalivyo. Darajani sioni skrubu yoyote ya kushushia nyuzi. Je, ninunue? Nikinunua, nalirekebishaje, na nifunge nyuzi gani? Picha nimekutumia.

JIBU: Ndugu yangu, muuzaji amekudanganya, au naye hajui anachouza. Gitaa la resoneta, ndilo jina la aina hii, likiwa sawa halikoromi. Lina sauti kali, ya bati kidogo, inayopiga mbele na kufifia haraka, lakini kila noti inatoka safi.

Picha zako zote ni za mbele. Rudi dukani uligeuze, uipapase shingo kwa nyuma. Kama ni ya mraba, bapa kama ubao wa dirisha, muage muuzaji uende zako hata akilishusha hadi dola 100. Hapo ulipo Kentucky ndiko nyumbani kwa bluegrass, muziki wa nyuzi wa mashambani, na wapigaji wengi wa resoneta katika muziki huo hulilaza gitaa, wakateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi bila kuzibana kamwe. Kwao nyuzi kukaa milimita 8 au 9 juu ya ubao ni sawa kabisa. Kwa vidole vyako viwili gitaa hilo ni pambo la ukutani.

Kama shingo ni ya mviringo, angalia pale kichwani nyuzi zinapoingilia shingoni. Wapo watu wanaopachika kipande cha chuma juu ya kile cha mfupa ili kuinua nyuzi zote na kuligeuza gitaa la kawaida kuwa la mapajani. Ukikiona, umepona. Legeza nyuzi, kitoe, na nusu ya malalamiko yako imeisha hapo hapo.

Tuseme hakipo. Basi mambo mawili uliyoniambia, ukiyaweka pamoja, yanasema zaidi ya picha zote. Nyuzi ziko juu, na bado zinakoroma. Katika gitaa kavu la kawaida, uzi unakoroma kwa sababu uko chini mno na unagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Wako uko juu, hauwezi kugonga kitu. Kwa hiyo kinachokoroma kiko tumboni, na hapo lazima nikueleze kilichomo.

Magitaa haya yalizaliwa Los Angeles mwaka 1927, kabla gitaa halijajua umeme. Bendi zilikuwa na tarumbeta na ngoma, mpiga gitaa hasikiki. Mpiga gitaa George Beauchamp alikuwa mmoja wa waliochoshwa na hali hiyo. Akamwendea fundi John Dopyera, na kampuni ya National ikaanzishwa. Walichofanya ni kuchukua koni ya alumini nyembamba, kama ile ya spika, na kuiweka chini ya daraja ili nyuzi ziitikise yenyewe badala ya kutikisa ubao wa mbele wa gitaa. La kwanza lilikuwa na koni tatu ndogo. Baadaye likaja la koni moja, na Dopyera alipoondoka National, yeye na ndugu zake wakatengeneza la kwao, Dobro, jina lililotokana na ukoo wao na ambalo kwa Kislovakia, lugha yao ya kuzaliwa, lina maana ya kitu kizuri. Kichekesho ni kwamba Beauchamp huyo huyo, miaka michache tu baadaye, alishiriki kutengeneza gitaa la umeme lililoingia sokoni mwaka 1932, na kwa kiasi kikubwa likaua haja ya koni. Lakini sauti ilikuwa imeshapendwa.

Lako ni la koni moja. Ni ya aina gani? Chungulia kwa tochi chini ya kile kidaraja cha chuma kinachokinga mkono usiguse kijiti kinachobeba nyuzi. Ukiona kijiti cha mbao kimesimama juu ya kidude cha mbao cha duara, hilo ni la biskuti. Ndivyo kidude hicho kinavyoitwa, na kweli ukikiona utatamani kukichovya kwenye chai. Koni yake imeinuka katikati kama kawa la kufunikia chakula, na biskuti imekaa kileleni. Ukiona miguu ya chuma inayosambaa kutoka katikati, hilo ni la buibui, na koni yake imegeuzwa, imedidimia kama bakuli. Kwenye picha yako ya tatu naona kama ukingo wa mbao, kwa hiyo nitakujibu kwa la biskuti. Likiwa la buibui, katikati kuna skrubu inayoungana na koni. Usiiguse bila kujua. Ikizungushwa kupita kiasi inapinda koni, na nimeona mtu akiikaza kama anafunga tairi la gari.

Sasa, koni hiyo haijabandikwa na haijafungwa kwa skrubu. Imekaa tu kwenye ukingo wa duara ndani ya mwili, na kinachoishikilia ni nyuzi zinazoikandamiza kutoka juu. Ndiyo maana darajani hukuona skrubu ya kurekebishia. Na ndiyo maana kitu kidogo tu kinatosha kuikoromesha: kipande cha gundi kavu ukingoni, mdomo wa koni uliopinda, ufa wa unywele, au skrubu moja ya kifuniko iliyolegea.

Hapo hapo dukani, kabla ya kutoa senti, fanya hivi. Piga uzi mnene ukiwa wazi, uache ulie, kisha weka kidole kwenye sahani, skrubu moja baada ya nyingine. Bonyeza kidaraja cha mkono. Shika mkia unaofungia nyuzi. Shika vile vifungo vya kutyunia. Mahali utakapogusa mkoromo ukakata, ndipo ugonjwa ulipo. Usidharau vitu vidogo. Kuna siku nilipoteza mchana mzima kwenye gitaa la mteja, nimetoa koni mara tatu, nimeisafisha, nimeizungusha, bado linakoroma. Mwishowe nikagundua ncha ya uzi iliyokatwa vibaya kichwani ilikuwa inagusa uzi wa jirani yake. Koleo, sekunde mbili, kimya. Mteja nilimtoza nusu bei kwa aibu.

Kwa kuwa zinazokoroma kwako ni zile nene mbili peke yake, na hizo ndizo zinazotikisa koni kwa nguvu zaidi, mimi nadhani koni haijakaa vizuri. Ufa nao unawezekana. Kukaa vibaya kunatibika bure. Ufa ni kununua koni nyingine, na kusema kweli kwa magitaa mengi ya bei hii hiyo si hasara. Viwanda vingi vya bei nafuu hutia koni nzito iliyogandamizwa kwa mashine. Ukiweka ya alumini laini iliyofinyangwa kwa kuzungushwa, gitaa linabadilika kuliko kwa rekebisho lingine lolote. Pima kwanza kipenyo: ya biskuti kwa kawaida ni inchi 9 na nusu, ya buibui inchi 10 na nusu.

Tuje kwenye nyuzi kuwa juu. Nenda na rula yenye milimita. Pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Kwa upigaji wako ningetaka milimita 2 na nusu kwa uzi mnene kabisa na 2 kwa mwembamba. Tuseme utakuta 4. Unahitaji kushusha milimita 1 na nusu, na hesabu yake ni rahisi: freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo kila unachotaka kushusha pale, darajani unashusha mara mbili yake. Milimita 3 basi. Je, kijiti kinazo milimita 3 za kupoteza? Chungulia tena kwa tochi. Kama kimesimama kirefu, kitachongwa. Kama tayari ni kifupi, nyuzi zinapita juu yake karibu zimelala, basi kosa liko shingoni. Imevutwa mbele na nyuzi kwa miaka, na kukichonga kijiti zaidi kutaondoa mkandamizo unaoishikilia koni. Utakuwa na nyuzi za chini na gitaa bubu. Kurudisha pembe ya shingo ni kazi ya fundi, si ya meza ya jikoni, na gharama yake inaweza kukaribia bei ya gitaa lenyewe.

Angalia pia kama shingo imepinda kama upinde. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ile ambayo shingo inakutana na mwili, kisha tazama nafasi kwenye freti ya 7. Kadi ya biashara ipite kwa kubanwa kidogo. Nafasi ikiwa kubwa zaidi, na shingo ina chuma cha kurekebishia ndani, zungusha robo mzunguko tu, ungoje siku, upime tena. Magitaa ya miaka ya 1930 hayana chuma hicho cha kurekebishia, lakini kwa dola 380 hilo si la miaka ya 1930.

Ukinunua, fungua hivi. Lilaze chali juu ya taulo nene. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo, uzitoe. Tangu hapo gitaa lisiinamishwe, maana koni sasa iko huru. Fungua skrubu za kifuniko na uzipange kwenye karatasi kwa mpangilio wake. Kabla ya kuinua koni, weka alama ya penseli ukingoni ielekee shingo. Inyanyue kwa biskuti na kwa ncha za vidole pembeni. Usiibonyeze katikati, kidole gumba kinatosha kuacha kovu la milele. Iweke kwenye kioo cha meza. Ikicheza kama kiti kibovu, mdomo umepinda. Imulike kwa tochi kwa nyuma gizani. Ufa utauona ukiwaka. Futa ukingo wa ndani kwa kitambaa kikavu hadi usihisi punje. Kisha irudishe kama alama inavyosema, igonge polepole kwa ukucha ukizunguka. Mahali panapojibu kwa sauti ya bati, haijakaa. Izungushe kidogo kidogo hadi ijibu sawa pande zote. Usitie gundi wala sponji.

Kijiti ukichonge kwa kuongeza kina cha vijia vya nyuzi, kwa tupa nyembamba, kidogo, unafunga, unatyuni, unapima. Uzi uzame nusu ya unene wake tu. Kinachozidi juu ukipunguze kwa msasa. Mwisho linganisha noti ya freti ya 12 na mlio wa kugusa uzi pale pale bila kuubana. Nyuzi nene zikibanwa zikatoa noti ya juu kuliko mlio huo, geuza koni na biskuti yake kidogo ili upande wa nyuzi nene urudi nyuma.

Nyuzi zenyewe: usifunge zile laini sana. Koni inataka kukandamizwa. Kwa tyuni ya kawaida chukua seti inayoanzia 12, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012, ya shaba na bati au ya nikeli. Seti inayoanzia 13 iweke kwa siku utakapotaka kushusha tyuni na kuteleza na chupa. Na ukikuta mtandaoni tyuni ya G ya wapigaji wa mapajani, yenye nyuzi nene zilizopandishwa juu, usiijaribu kwenye shingo ya mviringo. Siku nyingine ukibadilisha nyuzi, badili mmoja mmoja, koni isihame.

Kuhusu mtindo wenyewe: mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Katanga mwaka 1952, alipiga kwa gumba na kidole kimoja, na muziki ule wa noti fupi zinazojibizana unaipenda koni kuliko nyimbo za kupiga nyuzi zote kwa pamoja. Ila punguza nguvu ya gumba. Koni inarudisha kila kitu, hata makosa.

Bei? Shingo ikiwa ya mviringo na imenyooka, kijiti kikiwa na nafasi ya kuchongwa, mwambie muuzaji asikie mkoromo kwa masikio yake, umtajie dola 280, na usipande zaidi ya 320. Hiyo tofauti ndiyo pesa ya koni mpya ikibidi. Akishikilia 380 kwa sababu linang'aa, mwache nalo wiki mbili, halafu upite tena.