Discovery 3 na 4 za mkononi: mafundi wanajibu

Land Rover Discovery 3 ilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2009, ikafuatiwa na Discovery 4 iliyodumu hadi 2016. Bei za magari haya zimeshuka hadi watu wengi wanazifikia. Bei za spea hazikushuka nazo, na hapo ndipo maswali haya yanapoanzia.

SWALI: Hamjambo mafundi? Nina Discovery 3 ya 2007, dizeli 2.7. Nikiamka asubuhi naikuta imelala, siku nyingine mbele tu, siku nyingine yote. Zamani nikiwasha ilinyanyuka, ila wiki hii imeandika kwenye dashibodi kwamba saspensheni ina hitilafu na imegoma kupanda. Gereji wanasema ninunue kompresa. Ni kweli?
Msomaji, Arusha

JIBU: Hatujambo, ndugu. Gari hili halikai juu ya springi bali juu ya mabaluni manne ya mpira, moja kila gurudumu, na kompresa ndiyo pampu inayoyajaza upepo. Huenda kweli imechoka, lakini karibu kila mara kinachoichosha ni upepo unaovuja mahali pengine. Ukifunga mpya huku uvujaji upo palepale, ni kutia maji kwenye pakacha. Nayo itaungua.

Anza kumtafuta mvujaji. Jioni egesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, upime kwa futi kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na uandike vipimo. Kisha vua waya hasi wa betri. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowapoteza. Gari likiwa limezimwa, kompyuta ya saspensheni huamka yenyewe kila baada ya saa kadhaa. Ikikuta pembe moja imeshuka, hutoa upepo kwenye zile nyingine ili gari likae sawa. Asubuhi unakuta gari zima limelala, kumbe mwenye kosa ni mmoja. Ukivua betri, kompyuta haisawazishi tena, na pembe itakayoshuka usiku ndiyo inayovuja.

Asubuhi pima tena. Pembe moja ikiwa imeshuka, shuku baluni la pembe hiyo, kiungio cha paipu yake ya upepo, au vali yake. Magurudumu mawili ya mbele au mawili ya nyuma yakishuka pamoja kwa kiasi kilekile, shuku bloku ya vali (kasha la vali zinazogawa upepo) ya upande huo. Kama hakuna kilichoshuka, hapo kompresa inastahili lawama. Ukirudisha waya wa betri taa kadhaa zitawaka; washa injini, zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, nazo zitazima.

Ukishajua pembe, changanya sabuni ya kuoshea vyombo na maji, upake kwa brashi kwenye viungio vyote vya paipu na sehemu ya baluni unayoifikia. Kuwa na subira. Uvujaji unaolaza gari usiku kucha hautoi mapovu makubwa. Hutoa povu jeupe la chembe ndogondogo, kama la maziwa yanayokamuliwa, linalokua polepole kwa dakika mbili tatu. Baluni hupasuka kwenye mkunjo wa chini, pale mpira unapojikunja kila gari linapopanda na kushuka, na vumbi la changarawe likiingia kwenye mkunjo husugua kama msasa.

Tunakusihi, usiingize kichwa kwenye madigadi wala kulala chini ya gari hili kabla ya kuweka stendi chini ya chesisi. Mlango ulioachwa wazi huizuia kompyuta kushusha gari, lakini hauzuii baluni kupasuka. Gari lina uzito wa tani mbili na nusu.

Sasa kompresa yenyewe. Iko upande wa kushoto chini, kando ya chesisi, ndani ya kasha la plastiki. Kompyuta ikitoa msimbo C1A20, maana yake shinikizo linapanda polepole mno wakati wa kujaza tangi la akiba ya upepo. Fungua kikaushio chake utazame chembe nyeupe za kufyonza unyevu. Zikiwa bado ni chembe, sawa. Zikiwa zimegeuka unga, unga huo umeziba vali ya kutolea upepo na huenda umeshafika kwenye bloku za vali, kwa hiyo safisha na paipu pia. Ukibadilisha kompresa badilisha na rilei yake (swichi ya umeme inayoiwasha) siku hiyohiyo, kwa sababu rilei ya zamani huganda ikiwa imewaka, na kompresa mpya inaweza kuzunguka bila kupumzika hadi iungue. Tena, kama unatoa kompresa ya kampuni ya Hitachi na kufunga ya kampuni ya AMK, kompyuta ya saspensheni inahitaji kuwekewa programu inayoitambua. Muulize fundi kama ana mashine ya kufanya hivyo kabla hujalipa.

Kuna watakaokushawishi utoe upepo wote ufunge springi za chuma. Kwa gari linaloishi mbali na fundi yeyote, tunaelewa. Kwa Arusha hatukushauri: unapoteza urefu wa kupanda njia mbovu, na gari hili lilipewa uwezo wa kuvuka maji ya sentimita 70 likiwa limenyanyuliwa.

SWALI: Habari za kazi. Nimepata Discovery 4 ya 2013, injini ya dizeli 3.0, kilomita 140,000. Muuzaji ana kitabu cha sevisi, oili ilikuwa ikibadilishwa kila kilomita 20,000 au zaidi kidogo. Nasikia injini hizi hukata krenki. Ninunue?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Salama. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kila Discovery 4 unayoonyeshwa leo imeshakuwa hapa muda, na kitabu hicho kina thamani kuliko rangi na viti vya ngozi.

Muuzaji hakudanganya. Ratiba ya kiwandani kwa Uingereza iliruhusu oili ikae kilomita 20,000 na ushee. Ratiba hiyo ni ya barabara kuu na hali ya baridi. Foleni na vumbi ni matumizi magumu, na hapo muda hukatwa nusu. Sisi tunasema kilomita 8,000, zikizidi sana 10,000, au mwaka mmoja, kinachotangulia.

Sababu ni hii. Kwenye injini hizi za V6, za 2.7 na za 3.0, beringi za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) hushikiliwa mahali pake kwa kubanwa tu. Hazina kijino cha kuzizuia zisizunguke. Oili ikichoka, utando unaotenganisha krenki na beringi unakuwa mwembamba, beringi inashikana na krenki na kuzunguka nayo, tundu la kupitishia oili linazibwa, na sehemu inayofuata inabaki kavu. Kutoka hapo hadi krenki kukatika si safari ndefu, na mara nyingi hakuna taa inayokuonya mapema.

Kabla ya kununua, omba gari libadilishwe oili mbele yako, ulipie wewe. Filta ya oili iko juu ya injini, ni ya karatasi. Ichane kwa kisu, tandaza mikunjo yake juu ya kitambaa cheupe juani. Weusi ni kawaida ya dizeli. Vipande vinavyometa, vya rangi ya fedha au ya shaba, ni beringi inayokwisha. Rudisha funguo uondoke. Sikiliza pia injini ikiwashwa baridi kabisa, iliyolala usiku mzima. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto kabla hujafika, rudi kesho yake alfajiri.

Oili iwe 5W-30 yenye kiwango cha Ford WSS-M2C934-B ikiwa gari lina filta ya masizi kwenye egzosi. Kiwango hicho kinaandikwa nyuma ya galoni kwa herufi ndogo. Usikubali kuambiwa "ni ileile". Inaingia karibu lita 6. Weka lita 5 na nusu kwanza, kisha ongeza kwa kupima.

Uliza pia mikanda, na uulize kwa wingi, kwa sababu ipo miwili. Wa mbele ni wa taimingi: ukikatika, vali hugongana na pistoni. Wa nyuma ya injini huzungusha pampu ya dizeli, nao ukikatika gari linazima tu, popote ulipo. Wengi hubadilisha wa mbele na kuusahau wa nyuma. Kwa hali yetu badilisha yote kwenye kilomita 120,000 au miaka 7. Kwa hiyo gari unaloliona, kama hakuna risiti ya mikanda, hesabu gharama hiyo ndani ya bei. Wenye 2.7 za mwanzo waongeze kitu kimoja: mahali pa kushikia kikaza mkanda ni sehemu ya kasha la pampu ya oili, na kasha la zamani huvunjika hapo. Kasha lililoimarishwa lipo, na wakati wa kulifunga ni mkanda ukiwa umeshatolewa.

Filta ikitoka safi na mikanda ikiwa na risiti, nunua. Ni gari zuri sana.

SWALI: Discovery 3 yangu ikifika kilomita 50 hadi 60 kwa saa inatetemeka kama inapita kwenye matuta madogo, nikikanyaga zaidi inatulia. Fundi anasema giaboksi hii haibadilishwi oili.
Msomaji, Dodoma

JIBU: Inabadilishwa. Giaboksi yako ni ZF 6HP26, na ZF, kampuni iliyoitengeneza, wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Mtetemo huo ni klachi ya ndani ya tokikonveta (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi) inayoteleza na kushika, na ukiwahi, oili mpya mara nyingi huutuliza. Ukichelewa, itabidi tokikonveta lenyewe litolewe na kubadilishwa.

Tumia oili ya ZF iitwayo Lifeguardfluid 6 na si oili ya giaboksi ya aina nyingine. Sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) ni ya plastiki na filta imejengwa ndani yake, hivyo vinabadilishwa pamoja. Fundi atagundua kuwa shingo ya filta inagoma kutoka kwa kukosa nafasi. Wengi huikata ile shingo ya zamani, kisha hufunga sampu ya chuma yenye filta ya kujitegemea, na mara ijayo kazi inakuwa rahisi. Abadilishe pia mpira wa plagi ya umeme ubavuni, unaopenda kuvuja. Giaboksi haina kijiti cha kupimia: gari liwe sawa juu ya stendi nne, injini inaunguruma, oili ikiwa na joto la nyuzi 40 hivi, ujaze hadi ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia.

SWALI: Nikivuta kitufe cha hendibreki inalia kwa sauti ya kukwaruza, kisha taa ya njano. Nilibadilisha diski za nyuma mwezi uliopita.
Msomaji, Morogoro

JIBU: Diski hizo ndizo chanzo, dada. Ndani yake mna ngoma ndogo na viatu vya breki vya hendibreki, vinavyovutwa kwa nyaya na mota iliyo juu ya tairi la spea. Fundi alifunga diski bila kurekebisha viatu, sasa mota inavuta waya kuliko kawaida yake.

Gari linyanyuliwe na kuwekwa juu ya stendi, hendibreki iwe imeachiwa. Kupitia tundu lililo usoni mwa diski, azungushe kirekebishi hadi diski ikwame kabisa, kisha akirudishe hadi izunguke bila kukwaruza. Pande zote mbili zilingane. Nati za magurudumu ni za spana 22, zikazwe kwa kipimo cha Nm 140. Baadaye kompyuta iwekwe kwenye hali ya kusugulia viatu ili vikae vizuri kwenye ngoma, ndipo gari lisimamishwe kwa kitufe mara 10 kutoka mwendo wa kilomita 30 hadi 35 kwa saa, na kati ya kusimama na kusimama upite mwendo wa mita 500 ili breki zipoe. Ukipita kwenye tope zito, oshea ndani ya magurudumu ya nyuma siku hiyohiyo.

SWALI: Zulia la abiria wa mbele linalowa kila mvua ikinyesha.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Fungua kioo cha paa, mimina kikombe cha maji kwenye kona ya mbele. Yasipotoka chini ya gari upesi, mrija unaotoa maji ya mvua kwenye paa umeziba. Pitisha uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi. Usipulize kwa upepo wa kompresa, utauchomoa mrija ndani ya nguzo. Maji yakiwepo hata siku za jua na kiyoyozi kimewashwa, ni mrija wa kiyoyozi. Yakiwa ya utelezi na harufu tamu, ni kulanti, yaani maji ya kupoza injini. Usicheleweshe: kasha kuu la fyuzi liko nyuma ya droo ya abiria, juu kidogo tu ya zulia hilo.