Usiipige msasa mashine kuukuu kabla hujaisoma

Huku kwetu kusini kila chuma kikongwe ni cha Mjerumani. Mzee aliyeniuzia mashine ya randa pale Nachingwea aliniambia hivyo hivyo: "Hiyo ya Mjerumani, mwanangu, tunza." Nikaipakia kwenye Fuso hadi karakana yangu Lindi, na miaka miwili nami nikawa nawaambia wateja ni ya Mjerumani.

Siku beringi ilipokufa ndipo nilipoanza kuuliza. Nati za kifuniko zilinigomea: spana namba 17 haiingii, 19 inacheza na inataka kula kona. Nikashuku hizo si za milimita. Nikatoa bolti nene ya nusu inchi, nikaifuta mafuta, nikaibonyeza kwenye kipande cha sabuni ya mche. Alama zikabaki safi kabisa. Nikaweka rula, nikahesabu mistari ndani ya inchi 1: 12. Bolti kama hiyo ya Kimarekani huwa na 13. Kumi na mbili ni Whitworth, kipimo cha Mwingereza.

Lakini nati peke yake isikudanganye. Viwanda vya Ujerumani vya zamani navyo vilitumia Whitworth, kwa hiyo hapo nilikuwa nimemtoa Mmarekani tu. Mota nayo huandikwa volti na mizunguko ya umeme 50 au 60 kwa sekunde, navyo hudokeza nchi, ila mota hubadilishwa. Mashine nyingi zimeshavaa mota ya tatu.

Kilichomaliza ubishi ni mafuta ya taa na kitambaa. Chini ya rangi tatu, ya mwisho bluu, yalitokea maandishi yaliyovimba kwenye chuma chenyewe: WADKIN, na chini yake LEICESTER. Kampuni ya mji wa Leicester, Uingereza, imeanzishwa 1897. Nilikaa chini nikaitazama muda mrefu. Utawala wa Wajerumani huku ulikwisha katika vita vya 1914 hadi 1918. Mwaka 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga, wakajenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mashine ya Kiingereza kukutwa Nachingwea si ajabu hata kidogo.

Namba nazo zina lugha mbili. Zilizovimba, zilizotoka pamoja na chuma kilipomiminwa, ni namba za kalibu ya kipande hicho. Watu huzisoma kama mwaka, wanakosea. Zilizogongwa kwa nyundo zikazama ndani ndizo za mashine yenyewe, na hizo ndizo zinazoweza kukufikisha kwenye mwaka wake.

Misumeno ya mkono angalia kifungo cha shaba kwenye mpini. Kikiandikwa "Warranted Superior" tu, hakikutajii kiwanda, wengi walikitumia. "Disston" na "Philada" ni Philadelphia, Marekani. Randa ya mkono ya Stanley nayo isome hadi mwisho, maana zipo za Marekani na zipo zilizoandikwa "Made in England".

Tafadhali, grainda iache kabatini mpaka umeshafuta, umesoma na kupiga picha kila kona. Mimi wiki ile ile niliyoifikisha Lindi niliipitishia grainda ukingoni mwa meza ili ing'ae. Leo pale pamebaki herufi mbili na tarakimu moja. Nyingine nimezila mwenyewe, na mwaka wa mashine yangu sitaujua.