Maili za ndege: namba ipi uiandike kwenye tiketi?

Maswali ya wasomaji safari hii ni ya kadi za maili, yaani pointi ambazo shirika la ndege humwekea mwanachama wake kila akisafiri. Nimefurahi kuyapata, kwa sababu watu wa Dar tunalipa nauli kubwa, halafu tunaacha haki yetu kaunta bila hata kuiulizia.

Nina duka Kariakoo, naenda Guangzhou kufuata mzigo. Nikikuta nauli nzuri Ethiopian napanda, Emirates napanda, Qatar napanda. Kadi zote ninazo na hakuna hata moja iliyonifikisha popote. Tatizo nini?

Tatizo ni kutawanya, kaka. Maili za Skywards ya Emirates hazijumlishwi na za ShebaMiles ya Ethiopian, wala na Avios, ndivyo Qatar wanavyoziita maili za Privilege Club yao. Kila kadi inabaki na maili za nusu safari hadi zinakufa.

Kabla hujachagua, jua nani yuko na nani, maana mashirika mengi yamejiunga katika miungano mitatu. Ethiopian, Turkish na EgyptAir wote wako Star Alliance. Ukipanda yeyote kati yao unaweza kutoa namba yako ileile ya ShebaMiles na maili zikaingia kapu moja. Qatar yuko oneworld. KLM na Kenya Airways wako SkyTeam. Emirates hayumo katika muungano wowote kati ya hiyo mitatu, ana makubaliano yake na shirika mojamoja. Air Tanzania, inayokwenda Guangzhou moja kwa moja, nayo ina mpango wake, Twiga Miles, na haimo kwenye muungano.

Kwa mtu wa mzigo kama wewe, mimi naiweka ShebaMiles mbele, na si kwa ajili ya tiketi ya bure. Ni kwa ajili ya kilo. Ukifika Gold, daraja la juu la uanachama huko, unatambulika kuwa Star Alliance Gold: unaongezewa kilo 20 kwenye njia zinazopima uzito, au begi moja zaidi kwenye njia zinazohesabu mabegi, na launji, ule ukumbi maalumu wa kupumzikia uwanjani, unaingia hata kama tiketi yako ni ya daraja la kawaida. Wanaorudi na sampuli wanaijua ile kaunta ya mizigo: sanduku linafunguliwa sakafuni mbele ya foleni, viatu vinahamia begi la mkononi, jaketi linavaliwa juu ya jaketi, na bado mzani unagoma. Kilo 20 kila unaporudi ni pesa unayoiona siku hiyohiyo. Tiketi ya maili itabidi uisubiri nafasi yake, na kodi na ada zake utazilipa mfukoni.

Mambo mawili ya kuangalia. Maili za kununulia tiketi na zile zinazokupandisha daraja ni hesabu mbili tofauti, kwa hiyo usifurahie jumla kubwa kabla hujajua ni ya upande gani. Pili, kila tiketi ina herufi ya aina ya nauli, na nauli za chini kabisa huingiza maili chache sana, nyingine hata sifuri. Mwambie ajenti wako akutajie herufi hiyo kabla hujalipa. Akikujibu "zote sawa tu," tafuta ajenti mwingine.

Kama lakini ukipiga hesabu unakuta safari zako nyingi ni za Emirates, achana na ushauri wangu wa ShebaMiles na ubaki Skywards. Silver wanaitoa kwa maili 25,000 za daraja, Gold kwa 50,000.

Mwanangu, mimi ni mstaafu, naishi Mbezi. Huwa nakwenda Uholanzi kumwona mjukuu kwa KLM, si kila mwaka. Mara ya mwisho nilikuta maili zangu zimefutwa zote. Wameniibia?

Shikamoo mama. Hawajakuibia, ila sheria yao inamkaba msafiri wa aina yako. Flying Blue, mpango wa KLM na Air France, hukupa miezi 24. Ukikaa muda huo wote bila safari inayotambulika, maili zinafutwa. Dawa yake haihitaji kwenda Ulaya. Ukipata safari ya Nairobi kwa Kenya Airways, toa namba yako ya Flying Blue, kwa kuwa wote ni SkyTeam, na saa inaanza kuhesabu upya.

Na usitarajie makubwa. Mwanachama wa ngazi ya kwanza hupata maili 4 kwa kila euro ya nauli, bila kuhesabu kodi za serikali na za viwanja. Nauli ya euro 700 ni maili 2,800. Kwa mwendo wako, chagua ndege isiyokuchosha magoti na yenye saa nzuri za kufika, maili ziwe nyongeza.

Tuko watano, baba, mama na watoto watatu, tunakwenda Dubai likizo. Tufungue kadi tano?

Ndiyo, kisha mziunganishe. Skywards wana mfuko wa familia unaochukua hadi watu 8, na kila mmoja anaweza kuchangia maili zake zote. Watoto kuanzia miaka 2 wana kadi yao, Skysurfers. Wengi hapa mjini humwandikisha baba peke yake, na maili za nauli nne zinapotea. Maili hizo hudumu angalau miaka 3, kwa hiyo mnao muda wa kukusanya. Qatar nao wana mfuko wa familia wa hadi watu 9, na Avios zao hazifi mradi ndani ya miezi 36 umeingiza au umetumia.

Safari zote ananilipia mwajiri. Maili ni za nani?

Kwa mashirika ya ndege, ni za aliyekaa kwenye kiti. Mwajiri anaweza kuwa na kanuni yake, muulize ofisa utumishi kabla hujazitumia.

Kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp ananunua maili kwa pesa taslimu. Niuze?

Usiuze. Mipango yote niliyoitaja inakataza, wakigundua wanafunga akaunti na kufuta tiketi, hata kama abiria yuko njiani.

Nilisafiri, maili hazikuingia. Bado nina nafasi?

Unayo kama hujachelewa. Skywards na Flying Blue hupokea madai hadi miezi 6 baada ya safari, kwenye tovuti zao. Utahitaji namba ya tiketi na bodingi pasi, kwa hiyo usiitupe ukishuka.

Kabla ya kudai, linganisha majina. Sisi pasipoti zetu mara nyingi zina majina matatu, la kwako, la baba na la babu, na kadi ya maili mtu amejiandikisha kwa mawili. Au pasipoti inasema Mohamed na kadi inasema Mohammed. Mfumo unaona watu wawili, maili zinakataliwa. Sahihisha jina kwenye akaunti lifanane herufi kwa herufi na pasipoti. Na safari ijayo, ukiwa bado kaunta pale Jengo la Tatu, isome bodingi pasi: namba yako ya uanachama inatakiwa ionekane hapo. Isipoonekana, irudishe waiingize kabla hujaenda uhamiaji.